Naomba ushauri: rangi za feng shui kwenye sebule ya upande wa kusini

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kabla fundi rangi hajarudi Jumamosi.

Sebule yangu ipo Kigamboni, upande wa kusini wa nyumba, ina dirisha moja tu. Nafuata feng shui, yaani imani ya Wachina ya kupanga nyumba ambapo kila upande una asili yake (moto, maji, udongo n.k.) na rangi zake: kusini ni moto, rangi yake nyekundu, kaskazini ni maji, nyeusi na bluu. Basi nikapaka ukuta mmoja nyekundu ya tofali, mikono miwili. Mchana unapendeza kweli, ila jioni taa ikiwashwa chumba kinaonekana kidogo, na mama analalamika macho yanamuuma. Nimejaribu mapazia meupe, bado.

Kinachonitatiza zaidi ni hiki: kule China jua hupita kusini, ndiyo maana kusini ikawa moto. Sisi tuko chini ya ikweta, zaidi ya nusu ya mwaka jua la mchana liko kaskazini. Je, mnaofuata mambo haya huku mnageuza pande au mnaziacha zilivyo?

Na ukuta mwekundu ukibaki, kuta tatu zilizobaki nipake krimu au njano mpauko, ambazo ni rangi za udongo? Makochi ni ya kahawia, sibadilishi.