Ndege ya kujiundia: je, mikono yangu inaiweza?

Swali: Nimezoea Cessna 172, ndege ndogo yenye gurudumu la puani, ila mwaka huu nimeruka saa 6 tu. Niliyoiunda ina gurudumu la mkiani na usukani mwepesi sana. Niirushe mwenyewe?

Jibu 1: Bado. Kwenye ndege ya gurudumu la mkiani, kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika, kiko nyuma ya magurudumu makuu. Ikipinda kidogo ardhini, mkia unataka kutangulia. Tafuta mwalimu mwenye ndege ya aina hiyohiyo, mtue na kupaa mpaka miguu izoee pedali za kuinyoosha ndege.

Jibu 2: Ipime uzito upya. Kitovu kikisogea nyuma, usukani huzidi wepesi, na mabawa yakipoteza mnyanyuko kuikwamua huwa vigumu.

Muuliza: Nikiweka risasi, ile metali nzito, puani mwa ndege?

Jibu 2: Itasaidia, lakini uzito ukiongezeka, kasi ya kutua nayo hupanda.