Fatma yuko Lamu: gumzo la kikundi cha familia

Fatma: Assalaam alaikum nyote. Tumefika salama jana, alhamdulillah. Boti ya Mokowe ilikuwa shwari, watoto hawakutapika. Tumelala mtaa wa Mkomani kwenye nyumba ya zamani. Leo tunazunguka mji: ngome, makumbusho, posta ya Wajerumani, msikiti wa Riyadha, kituo cha punda, halafu kijiji cha Shela kwa miguu turudi na boti.

Shangazi Rukia: Wa alaikum salaam mwanangu. Hayo yote leo? Na watoto, na jua hilo?

Ami Bakari: Shela iweke kesho. Ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufuoni, na maji yakijaa kuna pahali mtaloa. Muulize nahodha yeyote pale gatini maji yanapwa saa ngapi, ndipo mpange.

Salim (Maskati): Fatma usisahau picha za milango 🙏

Shangazi Rukia: Nisikilize mimi niliyezaliwa huko. Usianze na njia kuu, ile ni ya maduka, utaipitia tu ukirudi. Ukitoka mlangoni panda juu, huko ndani mitaani. Toka sasa hivi, kabla punda hawajaanza kubeba mawe na saruji, maana ukikutana nao kwenye kichochoro wewe ndiye wa kupisha. Ukiona wazee wamekaa dakani, pale barazani mbele ya mlango, toa salamu. Hapo umepita mbele ya nyumba ya mtu, si mbele ya jengo la kutazamwa.

Fatma: Haya Shangazi, tunatoka.

Fatma: 📷 Hii ni nini? Chumba kimekaa juu ya njia, watu wanapita chini yake.

Shangazi Rukia: Hilo ni wikio. Nyumba hii na ile ya pili ni za jamaa mmoja, sasa mama akitaka kwenda kwa bintiye hana haja ya kushuka njiani. Bibi yangu alikuwa akipita hivyo na sinia la chakula kichwani. Sisi wadogo chini yake ndipo tulipokuwa tukicheza wakati wa jua, kuna upepo mzuri. Waambie watoto wasimame hapo kidogo wausikie.

Fatma: Kweli! Huku nje jua linachoma, chini ya wikio ni kama mtu amewasha feni.

Mwanaidi: Dada, na ndani nyumba zikoje? Kwa nje naona kuta tupu, hata dirisha hamna.

Fatma: Tunayolala sisi ukishapita mlango kuna ukumbi mdogo umepinda, kwa hivyo mtu wa nje haoni ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu kiwanda, uwazi katikati ya nyumba, mwanga wote unaingilia hapo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba mno. Nimejaribu kulaza magodoro mawili upande kwa upande, hayakuingia vizuri.

Ami Bakari: Wembamba huo ni wa boriti. Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haiendi zaidi ya mita 3 hivi ikabeba uzito wa mawe na chokaa. Kwa hivyo fundi akitaka chumba kikubwa hurefusha, hapanui. Angalia juu utaziona zimepangwa karibu karibu. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe. Nene, ndiyo sababu joto haliingii upesi.

Salim (Maskati): Ami hii hukuwahi kuniambia, na nimelala kwenye nyumba hizo likizo zote za utotoni.

Fatma: 📷📷 Salim, milango yako hiyo. Huu wa pili mfaa wake, ule mti wa katikati, umechongwa maua kutoka juu hadi chini, na chini kabisa yamelika kwa kuguswa na mikono. Mwenye nyumba alitoka, nikamwomba ruhusa ya picha, akatukaribisha ndani. Ukuta wa mwisho wote ni zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa. Ametuambia nyingine zimeanguka na fundi wa kuzitengeneza ni kazi kumpata. Nilimhurumia sana. Nyumba imehesabiwa kwenye urithi wa dunia tangu 2001, na mzigo wa kuitunza ni wake na wanawe.

Shangazi Rukia: Umefanya vyema kuomba ruhusa. Wengi hupiga tu.

Fatma: Kuna kijana alitufuata tangu gatini anataka kututembeza. Bei aliyotaja iliniogopesha.

Mwanaidi: Mwambie hapana kwa upole, hata asisitize mara ngapi.

Ami Bakari: Ukitaka mtembezaji, mwulize mwenye nyumba mliyolala, atakuitia anayemjua, na bei mpatane kabla hamjapiga hatua. Lakini mji huo haukupotezi. Ukiteremka utafika baharini, ukienda kushoto au kulia utaiona ngome.

Fatma: Tuko Mkunguni sasa, mbele ya ngome, chini ya mti. Watoto wanakunywa ukwaju baridi. Ami, hii ngome ni ya Wareno? Mtu mmoja hapa anawaambia wageni wake hivyo.

Ami Bakari: Si ya Wareno hata kidogo. Hii imeanza baada ya vita vya Shela, karibu 1812. Watu wa Pate, kisiwa jirani, na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliungana kuishambulia Lamu, wakashuka Shela. Watu wa Lamu wakawavunja. Husimuliwa kwamba walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekwama mchangani, maji yamekupwa, wakauawa wengi hapo hapo. Lamu ikaogopa kisasi, ikamwomba Seyyid Said wa Omani ulinzi. Ngome ikamalizika kama 1821. Salim, wewe uliye Maskati, ndiyo mlango Waomani walioingilia Lamu.

Ami Bakari: Halafu kutoka 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Baba yangu alipokuwa akipita hapo hakupenda hata kuitazama. Leo ina maktaba na maonyesho, na watu hufanyia harusi ndani. Panda mpaka juu kwenye ukuta, utaona mapaa yote.

Mwanaidi: Kesho mkienda Shela waonyeshe watoto mahali penyewe pa vita!

Fatma: Inshallah. Nimewasomea ujumbe wa Ami kwa sauti, na mzee mmoja wa kwenye benchi akaongezea ya kwake. Tumekaa hapo muda mrefu, sikuona haja ya kukimbilia mahali pengine.

Shangazi Rukia: Hivyo ndivyo. Posta ya Wajerumani iko karibu tu kwenye njia kuu, chumba kidogo, dakika chache mmemaliza. Walikaa 1888 mpaka 1891, basi. Lakini makumbusho ya pale mbele ya bahari mwende bila kukosa, siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe za ndovu, iko humo. Mimi nikiitazama hiyo hulia. Ilikuwa ikipigwa kwenye mambo makubwa ya mji.

Fatma: Tumeiona Shangazi. Inapita mita 2! Mdogo alinyamaza, na mnamjua yule hanyamazi.

Fatma: Jioni tumeshuka mtaa wa Langoni, tukaswali Riyadha. Nje ya msikiti wanaume wamekaa barazani wanashona kofia. Nilisimama kumwangalia mmoja: anatoboa kitundu kidogo, anakizungushia uzi mpaka kikae wazi, ndipo ahamie cha pili. Vitundu hivyo ndivyo nakshi yenyewe, kofia nzima. Anasema moja humchukua miezi kwa sababu hushona baada ya kazi ya baharini.

Salim (Maskati): Hapa kofia za mashine zimejaa madukani. Niulizie bei ya hiyo, usipunguziwe hata shilingi. Nitatuma hela kwa Mwanaidi leo.

Ami Bakari: Kama anazo mbili, ya pili yangu. Kichwa changu inchi 22 na nusu. Aipime kwa uzi, asikadirie.

Shangazi Rukia: Na kesho mkipita kwenye vilima vya mchanga vya Shela msiwaache watoto watupe chupa. Maji ya visima ya mji mzima yanatoka chini ya mchanga ule.

Fatma: Nimesikia Shangazi. Nahodha amesema maji yanapwa saa tatu asubuhi, tutaondoka saa mbili baada ya mahamri. Ami, kofia moja iko tayari, ya pili ataimaliza kabla ya Maulidi. Nimwachie arubuni?

Ami Bakari: Mwachie nusu. Na uchukue nambari yake ya simu.