Bakapu (nakala ya akiba) ya mafaili ikae wapi kama sio nyumbani?

Mwenye swali (Mwanjelwa): Wakuu habari za jioni, mwezi uliopita wezi walivunja dirisha chumbani kwangu wakabeba laptop na hard disk ya nje ilikuwa kwenye begi hilohilo, yani kompyuta na bakapu vimeondoka pamoja, picha za marehemu mama zote humo. Nimepata mashine nyingine, sasa nataka mafaili yakae mbali na hapa ila mtu baki asiyafungue. Nina kama GB 200 na bando ndo hizi za kuungaunga.

Mdau wa Uyole: Pole sana mkuu, hiyo ya picha za mama imeniuma. Chukua diski mbili uzifunge kwa VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa paswedi, ni ya bure, mtu akichomeka bila paswedi haoni kitu. Moja baki nayo, nyingine mpe ndugu wa mji mwingine, kila ukienda kusalimia mnabadilishana. Yangu iko Iringa kwa kaka, ndani ya hotpoti kuukuu juu ya kabati, nimeizungushia nailoni vumbi lisiingie.

Mdau wa Tukuyu: Vyeti na picha za muhimu kabisa weka pia Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, GB 15 ni bure, ila pitisha kwanza kwenye Cryptomator, programu ya kufunga mafaili kwa paswedi, zipande zikiwa zimefungwa. Na paswedi iandike karatasini, itunze mbali na diski, maana ukiisahau hakuna wa kukufungulia.

Mwenye swali: Asanteni sana. Dada yuko Makambako, Jumamosi napanda basi.

Mdau wa Uyole: Kabla hujaondoka fungua picha kadhaa kwenye hiyo diski uone kama zinafunguka kweli.