Tupeane uzoefu: Kliniki za presha na sukari hospitali za umma tangu kompyuta ziingie

Mlezi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa tunaohudhuria kliniki za magonjwa ya kudumu: presha, sukari, pumu, kifafa, figo. Faili limehamia kwenye kompyuta na tarehe ya kurudi inakuja kwa ujumbe wa simu. Kila mtu aseme yaliyomkuta mwenyewe, ya kusikia tuyaache.

Naanza. Namuuguza mama, ana presha na sukari. Zamani faili likipotea anaulizwa anatumia dawa gani, anajibu "kile kidonge cheupe". Safari moja daktari mgeni kabisa alifungua majibu yake yote ya nyuma, akaona kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) inapanda taratibu. Kila jibu peke yake lilikuwa limepita kama la kawaida. Akapunguza dozi ya metformini, dawa yake ya sukari, kwa sababu ya figo. Kwenye makaratasi nani angeliona hilo?

Ila ujumbe wa kukumbusha unanichosha. Unakuja, tunaenda, dirishani dawa hakuna. Mfumo unajua tarehe ya mama, haujui stoo ni tupu?

NesiWaZamu
Mkuu, stoo na kliniki mara nyingi ni programu mbili zisizosomana. Mtandao ukikata tunaandika kwenye rejista, ukirudi tunaingiza upya, foleni inatusubiri.

Jambo lingine watu hawalijui: baadhi ya mifumo hii ilianzia kwenye kliniki za VVU. OpenMRS, kwa mfano, programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa, ilianza 2004 kwa kazi hiyo. Presha na sukari zimekuja kupachikwa baadaye. Matokeo yake, kwetu ripoti ya mwezi inauliza wangapi wamehudhuria, wakati swali la maana ni wangapi wameshuka chini ya 140/90. Mgonjwa anaweza kuja kila tarehe yake huku presha iko palepale, na kwenye ripoti anaonekana tunamhudumia vizuri.

Sindano
Mimi niko kwenye insulini tangu utotoni. Sukari ilikuwa inapanda na kushuka ovyo. Siku ya kuongea na daktari kwa video akaniambia nionyeshe ninapochoma. Kumbe pana uvimbe wa mafuta kwa kuchoma sehemu moja, na hapo insulini hainyonywi sawasawa. Nikaanza kuhamisha sehemu, mambo yakatulia. Kwa simu ya sauti tu asingeliona.

Wenye programu za kuandika sukari, angalieni kipimo chenu kinasoma mmol/L au mg/dL, ni vizio viwili tofauti vya sukari ileile. 7 ya kwanza ni 126 ya pili (unazidisha kwa 18). Mwenzangu aliandika 11 kwenye programu ya mg/dL, ikadhani sukari imeshuka mno, ikamwambia yuko hatarini kuzimia. Alikuwa amekaa zake anaangalia mpira.

Kitochi
Baba ana kifafa, hana simu, namba aliyoandikisha ni ya mpangaji mwenzake. Ujumbe ukaja na jina la ugonjwa waziwazi. Nyumba nzima ikajua. Tarehe ya kliniki ingetosha, ugonjwa wa nini kuutaja?

Presha Juu
Naongezea fupi. Programu inayodai kupima presha kwa kidole kwenye kamera ya simu, msiitegemee kubadili dawa. Tumieni mashine ya mkono: kaa kimya dakika 5, mkono usawa wa moyo, mkanda ukuenee. Daktari wangu anazipokea namba za nyumbani, anasema zinamsaidia kuliko moja ya pale kliniki nikiwa nimetoka kugombea foleni.

Mlezi
Asanteni sana. NesiWaZamu, swali: mama akipewa rufaa, majibu yake yanamfuata huko?

NesiWaZamu
Kwetu bado hayafuati. Kabla hamjaondoka ombeni muhtasari uchapwe: dawa na dozi, kreatinini za nyuma, HbA1c ya mwisho (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), na dawa zinazomdhuru. Mkiambiwa printa mbovu, ombeni mpige picha kioo cha kompyuta, ukurasa wa mama tu.