Choo cha mafuta: triolini yenye ayodini-131 au kaboni-14?

Mwana_Mikindani
Habari za jioni wakuu. Tunaandaa andiko la utafiti hapa Mtwara kuhusu wagonjwa wazima wenye choo cha mafuta. Tunataka kutenganisha tatizo la kongosho na la ukuta wa utumbo mwembamba. Vitabu vya zamani vinataja kipimo cha triolini (mafuta yenye asidi tatu za oleiki) iliyotiwa ayodini-131 yenye mionzi. Bado inafaa? Hatua zikoje? Natanguliza shukrani.

Fundi_Isotopu
Ayodini-131 achaneni nayo. Hubandikwa kwenye bondi maradufu ya asidi ya oleiki, kwa hiyo mnachofuatilia si triolini halisi. Halafu hubanduka humo humo tumboni na kuingia damuni peke yake. Mtasema mafuta yamefyonzwa, kumbe mnahesabu ayodini tupu. Tena nusu-uhai wake ni siku 8, mzigo ukikwama njiani umeliwa.

Kaboni-14, nayo yenye mionzi, ni sehemu ya molekuli yenyewe; mafuta yakichomwa mwilini, hutoka kwenye pumzi kama kabonidayoksaidi, nayo ndiyo mnaipima. Mgonjwa afunge tangu usiku. Asubuhi chukueni pumzi ya kuanzia, kisha mpeni mikrokyuri 5 (kilobekereli 185) ndani ya mlo wenye mafuta gramu 20 hadi 30. Dozi hupenda kuganda kwenye kikombe: suuzeni kwa maziwa, ayanywe.

Kisha kila saa, kwa saa 6 hadi 8, apulize kwa mrija kwenye kichupa chenye hayamini (alikali inayonasa kabonidayoksaidi) mililita 2 ya molari 1 na thimolfthaleini (rangi ya kiashiria) kidogo. Buluu ikitoweka, milimoli 2 za kabonidayoksaidi zimenaswa; mwambieni aache. Mrija uwe na vali ya njia moja, maana akivuta badala ya kupuliza, hayamini itamuunguza mdomo.

Hesabu: mwili uliotulia hukadiriwa kutoa milimoli 9 za kabonidayoksaidi kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 ni 540. Kichupa kikisoma atomi 1,000 zinazovunjika kwa dakika, ni 500 kwa milimoli. Zidisha kwa 540, gawa kwa 11,100,000 (ndiyo mikrokyuri 5), unapata asilimia 2.4 ya dozi kwa saa. Kikomo cha kawaida msikope kitabuni, kiwekeni kwa kupima watu wenye afya kwa mlo huo huo.

Kosa la kila siku: kuhesabu papo hapo. Hayamini ni alikali, ikikutana na kimiminika cha mmemetuko (kinachogeuza mionzi kuwa mwanga ili mashine ihesabu) hutoa mwanga wake yenyewe na namba zinapaa. Vichupa vilale gizani hadi kesho yake.

mwl_biokemia
Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Triolini peke yake haitawajibu swali lenu. Rudieni kipimo siku nyingine kwa asidi ya oleiki yenye kaboni-14, ambayo haihitaji lipesi (kimeng'enya kinachovunja mafuta) ya kongosho. Triolini ikiwa chini na oleiki ikawa sawa, shukuni kongosho. Zote zikiwa chini, ni ukuta wa utumbo, au nyongo haitoshi.

Ila pumzi haipimi ufyonzwaji moja kwa moja. Mafuta lazima yatoke tumboni, yafyonzwe, kisha yachomwe. Kisukari, unene, ugonjwa wa mapafu au tumbo linalochelewa kumwaga chakula vyote hushusha jibu. Na mgonjwa akae kitini. Akizurura, ile 9 haina maana tena.

Mwana_Mikindani
Asanteni sana. Na watoto je? Na mlo wa kipimo unaweza kuwa korosho?

mwl_biokemia
Watoto na wajawazito: kaboni-13, haina mionzi kabisa. Adui yake ni chakula cha jana. Mahindi, mtama, uwele na sukari ya miwa vina kaboni-13 nyingi kiasili, hivyo ugali wa sembe wa usiku huvuruga pumzi ya kuanzia. Wape muhogo au wali, chai bila sukari.

Korosho inakaribia nusu yake mafuta, mengi yakiwa ya oleiki, kwa hiyo gramu 50 zinatosha. Lakini ikitafunwa nusunusu, mafuta yake hubaki yamefungiwa ndani ya seli wakati triolini yenu inaelea nje. Isageni iwe rojo laini ndipo mchanganye. Tui la nazi hapana: mafuta yake ni ya minyororo mifupi zaidi, hayategemei nyongo na kongosho kwa kiasi kile kile.

Fundi_Isotopu
Kabla ya kuagiza kaboni-14, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kiwe mkononi. Andikeni humo pia vichupa vilivyotumika vitakwenda wapi, kwa sababu vina kiyeyushi pamoja na mionzi na havimwagwi kwenye sinki.