Naomba ushauri: albamu yangu ya kwanza, prodyuza kanigeuka

Wakuu habari za jioni. Nipo Igoma, Mwanza, nachana mistari (narap) tangu sekondari. Albamu yangu ya kwanza ya studio imekamilika, ngoma 11, hela yote imetoka kwenye dagaa ninaochukua mwaloni Kirumba. Lebo sina. Sasa prodyuza: tulikubaliana kwa mdomo laki moja kila biti, nikalipa zote, leo anataka nusu ya mapato ya Boomplay (app ya kusikilizia muziki) na sesheni (mafaili ya kurekodia ngoma) kazikalia. Ushahidi wangu ni meseji za miamala tu (ya mwisho nilituma nikiwa bado nanuka dagaa). Nikasajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwanza au nimalizane naye? Halafu picha ya kava nimepigia Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, washkaji wanasema limechoka. Nibadilishe?