Viporo vya friji: mnafanyaje mpaka vinakuwa mlo wa kushibisha?

mama_jikoni
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Friji yangu haiishi vibakuli, yaani sasa hivi ukifungua kuna wali wa jana, maharage kidogo, vipande viwili vya kuku kwenye mchuzi, viazi vya kuchemsha na kabichi iliyoshapikwa, kila kimoja peke yake hakimtoshi hata mtoto lakini vyote kwa pamoja ni chakula cha watu wanne kabisa. Kupasha najua, shida ni kwamba nikishapasha nikaweka mezani watu wanadonoadonoa tu, saa moja baadae wapo jikoni wanafungua makabati. Na mimi kumwaga chakula roho inaniuma kweli. Nyie mnafanyaje mpaka mtu anakula kiporo anashiba anatulia? Na kipi nisihangaike nacho kabisa nikimwage tu?

jiko_moto
Dada hapo panapokuangusha ni kupasha. Kiporo mimi nakihesabu kama kiungo, kama vile nina nyanya au karoti ndani, afu napika kitu kipya na chenyewe kinaingia humo. Anza na kitunguu kibichi kwenye mafuta, kikaange mpaka kiwe cha kahawia usiishie kwenye kulainika, weka kitunguu saumu, weka nyanya ipikike mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hapo jikoni pananukia chakula cha leo, ndo unaanza kutupia vya jana.

Ila angalia kipi kinaingia lini, maana hivi vyote vimeshaiva tayari. Maharage yaingie mapema, ponda nusu yake kwa mwiko ili rojo iwe nzito, yanavumilia moto. Kuku mchambue kwenye mifupa vipande vidogo vidogo aingie mwisho apate moto mpaka ndani basi, ukimchemsha tena muda mrefu anakauka anakuwa kamba. Kabichi ndo ya mwisho kabisa, dakika moja mbili inatosha, ikizidi inatoa ile harufu nzito na inaharibu sufuria zima. Mifupa usitupe, ichemshe taratibu na ganda la kitunguu na karoti, hayo maji ndo utaongezea kwenye rojo badala ya maji ya bomba.

bibi_kitunguu
Nakubaliana na jiko_moto ila kwa vitu alivyotaja mama_jikoni mimi nisingevichanganya vyote. Watu wanakosea sana hapo, wanamwaga vibakuli vyote kwenye sufuria moja inatoka kitu cha rangi ya udongo hakina jina, halafu wanasema kiporo hakina ladha. Chagua viwili vitatu vinavyopendana, vingine vingoje kesho. Kuku na maharage rojo, sawa. Wali uache peke yake uukaange.

Na wali wa kukaanga mwanangu wa jana ni bora kuliko wa leo, sikudanganyi. Ukikaa kwenye baridi wanga wake unakaza, punje zinakauka kwa juu, ndo maana ukiupika tena zinaachana. Wa moto moto unashikana tu. Kwahiyo utoe kwenye friji, lowesha mikono uvunje mabonge yote kabla hata hujawasha jiko. Frampeni ipate moto sawasawa, mafuta kidogo, tandaza wali USIKOROGE. Subiri mpaka usikie unalia lia kule chini na harufu ianze kubadilika kama ya bisi, ndo geuza. Usijaze frampeni, ukijaza mvuke unabaki ndani wali unatota, bora ukaange mara mbili. Ukishapata rangi sukuma pembeni, vunja mayai pale katikati, yakianza kushika ndo changanya. Viazi pia hivyohivyo, vya kuchemsha vikilala kwenye friji vinakaza havimeguki, kata vipande vikaange mpaka viwe na gamba la kahawia.

dada_wa_lishe
Mie naongezea upande wa shibe maana ndo swali lenyewe. Mama_jikoni hebu angalia sahani yako, wali na viazi vyote ni wanga, kabichi ni maji mengi, kuku vipande viwili wamegawana watu wanne. Mtu atajaza tumbo sasa hivi lakini haitachukua muda atasikia njaa tena. Cha kumshikilia hapo ni protini na nyuzinyuzi, na maharage unayo, yana vyote viwili. Yafanye ndo chakula chenyewe, wali uwe wa kusindikizia, na kama ni machache yai moja kila mtu linaziba pengo.

Halafu kingine ambacho wengi hatukifikirii, kiporo karibu kila kitu ni laini. Mdomo unachoka kabla ya tumbo kushiba. Weka kitu cha kutafuna ambacho hakijapikwa, kitunguu kibichi kilichokatwa kwembamba, karoti ya kuparuza, tango, chochote. Na limao! Chakula kilicholala mara nyingi ladha inapoa, mtu anakimbilia chumvi, anaweka, anaweka, bado. Kamulia limao kwanza ukishaipua, onja, ndo uamue kama chumvi inahitajika kweli.

mlinzi_wa_friji
Nyie wote mmesema vizuri ila swali la kumwaga hamjalijibu na mimi hili naliona ni kubwa. Chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa 2 usikiweke kwenye friji ukitegemea baridi itakisafisha, haitakisafisha. Wali ndo wa kuogopwa zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukipoa taratibu kwenye sufuria lenye mfuniko zinaamka zinazaliana na kutoa sumu, na hiyo sumu ukipasha haiondoki hata uchemshe vipi. Kwahiyo wali ukibaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji. Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini yake. Ndani ya siku 3 au 4 vyakula vingi vilivyopikwa viwe vimeliwa, wali mimi siusubirishi hivyo, kesho yake tu unaliwa. Na ukipasha pasha mpaka katikati, nyuzi 74, mchuzi utokote kabisa, na upashe kile unachokula tu, ile ya kupasha sufuria zima kila siku na kurudisha iacheni.

Usitegemee pua. Kilichochacha utakisikia, lakini vingine havitoi harufu yoyote na vinakulaza. Bandika karatasi yenye tarehe kwenye kila kibakuli, usipojua ni cha lini mwaga bila huruma.

mama_jikoni
Jamani asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nakaanga wali na mayai, maharage nayafanya rojo na kuku ndani, kabichi na viazi zamu yao kesho, vyote ni vya jana kwahiyo siku bado zipo. Karatasi za tarehe naanza leoleo. Swali moja la mwisho, mkate unaobaki na maharage yakiwa mengi mnafanyaje, vyote kwenye friji?

bibi_kitunguu
Mkate usiweke kwenye friji mwanangu, kule unakauka haraka kuliko ukiwa kabatini. Kama hamuumalizi upesi uweke kwenye friza ukiwa umeshakatwa slesi, unatoa moja moja unachoma. Uliokwisha kukauka uchovye kwenye mayai na maziwa uukaange, au ukate vipande vidogo uvikaushe kwenye frampeni kavu uvimwage juu ya lile rojo la maharage wakati wa kula, vinaleta ule utafunaji aliousema dada_wa_lishe. Ukiona ukungu tupa mkate wote, usikwangue.

jiko_moto
Maharage friza inayapenda, yagawe kwa mlo mmoja mmoja pamoja na maji yake, acha nafasi juu ya kontena maana yanavimba yakiganda. Ila viazi vya kuchemsha usijaribu kugandisha, vikiyeyuka vinatoa maji vinakuwa chengachenga, hivyo vimalize kesho hiyohiyo.